SOMO KWA WANAOTAFUTA NYUMBA YA KUNUNUA BARIADI, MKOA WA SIMIYU

Watumishi wa taasisi za Muungano wanaotoka Visiwani na kupangiwa kazi Bara, pamoja na wananchi waendao huko kwa biashara, hukabiliwa na suala la makaazi. Baadhi yao huamua kununua nyumba, na somo hili linawahusu wao. Mfano uliochukuliwa ni mji wa Bariadi, ambao umepanuka tangu Mkoa wa Simiyu ulipomegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza mwaka 2012 na mji huo kufanywa makao makuu ya Mkoa. Mji unapopanuka, shamba la pamba la jana huwa kiwanja cha leo, na hapo ndipo penye hadhari.

Mzanzibari ni raia wa Tanzania, hivyo masharti ya ardhi yanayomzuia asiye raia hayamhusu. Hata hivyo, ardhi si jambo la Muungano. Aliyezoea Sheria ya Zanzibar Namba 12 ya mwaka 1992 na muhuri wa sheha atambue kuwa Bara zinatumika Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2001. Ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Anachonunua mtu ni haki ya kuitumia, pamoja na jengo lililomo. Penye hati, haki hiyo hutolewa kwa muda, aghalabu miaka 33, 66 au 99, na inafaa kuuliza ni miaka mingapi iliyobakia.

Wengi huanza kutafuta kwa dalali. Dalali ana kazi yake, lakini huonesha nyumba tu. Haoneshi ardhi iliyo chini yake. Mwanzo ulio sahihi ni Idara ya Ardhi ya Halmashauri ya Mji, kuuliza eneo linalokusudiwa limepangwa kwa matumizi gani na kama limepimwa. Nyumba nzuri yaweza kuwa imesimama mahali ambapo mchoro wa mipango miji umetenga kwa ajili ya skuli au soko. Vile vile, kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi ni meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nyumba ya bei nafuu iliyo kando ya lami ya kwenda Lamadi ipimwe kwanza kwa futi kamba kabla ya kusifiwa.

Ikiwa kiwanja kina hati, mnunuzi achukue namba ya kiwanja na ya kitalu na kuomba upekuzi kwa Msajili wa Hati katika ofisi ya ardhi ya mkoa. Upekuzi hudhihirisha jina la mmiliki, na kama ipo rehani ya benki au zuio. Deni la kodi ya pango la ardhi nalo liulizwe, kwani lisipolipwa humfuata mnunuzi.

Nje kidogo ya mji hali ni nyengine. Yapo maeneo yaliyo ardhi ya kijiji, ambako haki ni ya kimila na msimamizi ni Halmashauri ya Kijiji. Uhamisho usio na idhini ya Halmashauri hiyo hauna nguvu ya sheria, hata kama fedha zimelipwa mbele ya mashahidi kumi. Saini ya mwenyekiti peke yake si idhini ya Halmashauri. Iombwe nakala ya muhtasari wa kikao. Kwa upande wa mitaa ya mjini, karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa ni ushahidi wa makubaliano tu, haigeuki kuwa hati ya umiliki.

Jambo linalowaponza wengi zaidi ni la kifamilia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Katika jamii ya Wasukuma, kama ilivyo kwetu Visiwani, mume aweza kuwa na wake zaidi ya mmoja, na aliyesaini huenda siye aishiye katika nyumba hiyo. Mnunuzi aingie nyumbani, aulize nani anakaa humo, na aonane nao. Ikiwa nyumba ni ya urithi, muuzaji aoneshe uteuzi wake wa usimamizi wa mirathi uliotolewa na Mahakama. Kuwa mtoto mkubwa hakumpi mtu mamlaka hayo.

Yabaki macho na miguu. Sehemu kubwa ya Usukumani ina udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, na kuta hufuata. Udongo wa kichanga wa miinukoni, uitwao luseni, ni mtulivu zaidi. Nyumba itazamwe wakati wa masika na itazamwe tena wakati wa kiangazi, ambapo pia hujulikana maji yanatoka wapi na kwa siku ngapi katika wiki. Majirani hujibu suala hili kwa ukweli kuliko muuzaji.

Mkataba uwe wa maandishi, na malipo yapitie benki kwa jina lile lile lililomo katika hati.