Mgongo wa Mwenzi Ukikaza Ghafla

Mume anainama kuvuta mtungi wa gesi chini ya meza ya jikoni, au mke anageuka na ndoo ya maji mkononi, mara kiuno kinakaza. Anabaki ameinama vilevile, jasho linamtoka, kukaa hawezi na kusimama hawezi. Nyumba inataharuki. Mmoja anamvuta mkono, mwingine anatafuta dawa ya kuchua, jirani anashauri mtoto amkanyage mgongoni. Hilo la kukanyagwa liachwe kabisa.

Hali hii si ya ajabu. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Kwa walio wengi hakuna mfupa uliovunjika: misuli imejikaza, na maumivu hupungua sana ndani ya wiki chache, ingawa siku mbili tatu za mwanzo huwa kali.

Mtihani wa kwanza ni kutoka kitandani. Mgonjwa akiinuka moja kwa moja kifua mbele, misuli hukaza upya. Basi akunje magoti akiwa amelala chali, ajiviringishe kwa ubavu mabega na nyonga vikigeuka pamoja, ashushe miguu sakafuni huku akisukuma godoro kwa mkono. Mwenzi asimame karibu atoe bega la kuegemea, asimvute mkono. Wakati wa kulala, mto chini ya magoti kwa anayelala chali, au katikati ya magoti kwa anayelala ubavu, husaidia.

Lakini asilazwe kutwa. Mwaka 1995 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki waliopatwa na maumivu kama haya. Wengine waliambiwa walale siku mbili, wengine wafanye mazoezi ya mgongo, wengine waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yalivyowaruhusu. Waliopona vizuri zaidi ni hao wa mwisho. Kumletea mgonjwa kila kitu kitandani ni upendo, ila kutembea naye hadi uani kila baada ya muda kunamfaa zaidi.

Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa khanga inaweza kuwekwa kiunoni kwa dakika 15 hadi 20. Kwenye ngozi yenye ganzi isiwekwe, maana ataungua bila kujua. Kwa dawa, tahadhari kubwa ni za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni: mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au mimba asipewe bila kumuuliza mtaalamu, hata kama zilibaki kabatini tangu mwaka jana. Mbili za jamii hiyo zisichanganywe. Parasetamoli nayo, kwa mtu mzima, isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, vikihesabiwa pamoja na vilivyomo kwenye dawa za mafua.

Kuna maswali ambayo mtu huona haya kuyajibu mbele ya wakwe na majirani, na hapo ndipo mwenzi wa ndoa anapohitajika. Amekojoa tangu asubuhi? Akijisafisha msalani anahisi mkono wake, au sehemu za siri na makalio zimekufa ganzi? Mguu unalegea? Mkojo ukigoma, haja ikitoka bila kujua, au ganzi ikiingia sehemu hizo, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Huenda mishipa ya fahamu imebanwa, na kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu.

Yapo pia maumivu yanayojifanya ya misuli. Kifua au bega linalouma pamoja na jasho jingi na pumzi kukatika huenda ni moyo. Mguu mmoja uliovimba na kupata joto kwenye kigimbi huenda una damu iliyoganda, usichuliwe hata kidogo. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi baada ya kazi nzito huenda ni misuli iliyoharibika, na figo ziko hatarini. Wote wenye dalili hizi wapelekwe hospitali mara moja. Homa pamoja na maumivu ya mwili mzima ipimwe malaria siku hiyo hiyo.

Mwenzi aandike kila dawa aliyompa na saa aliyompa, nyuma ya daftari la mtoto au kwenye simu. Mhudumu wa afya atauliza hilo kabla ya kuandika dawa nyingine.