Ni Nani Achaguaye Njia ya Kupanga Uzazi?

Serikali nyingi husema kuwa mke na mume wana khiyari katika njia za kupanga uzazi. Neno hili ni jema. Lakini tukitazama yaliyopita India na Indonesia, twaona kuwa mara nyingi njia huwa imekwisha chaguliwa kabla mwanamke hajafika mlangoni pa zahanati.

India ilianza mpango wake mwaka 1952, kabla ya taifa lolote jingine. Watumishi waliwekewa idadi ya watu wa kutimiza, na aliyekubali kufungwa uzazi akalipwa. Masikini aliyekosa chakula akionyeshwa fedha, khiyari yake ina uzito gani? Katika hali ya hatari ya 1975 hadi 1977 watu walilazimishwa, na katika mwaka mmoja tu wakafungwa wanaume zaidi ya milioni sita. Chuki ya jambo hilo ilichangia kuiangusha serikali katika uchaguzi wa 1977. Tangu hapo mzigo ukawaangukia wanawake: katika uchunguzi wa 2019 hadi 2021, kati ya wanawake 100 walioolewa, 38 walikuwa wamefungwa uzazi, na wanaume hawakufika hata mmoja katika 100.

Indonesia ilishika njia nyingine. Idara ya kupanga uzazi iliundwa mwaka 1970, na ulamaa wakaulizwa. Wengi walikisia juu ya azl, ambayo masahaba waliifanya na Imamu Ghazali akaijuzisha. Hivyo njia ziwezazo kuachwa zikapata nafasi. Kufunga uzazi kabisa, Baraza la Ulamaa lilikukataza mwaka 1979. Ama kitanzi, shaka kubwa ilikuwa ni uchi: nani atakayekitia? Mkutano wa ulamaa wa 1983 ulikiruhusu, kikitiwa na mtumishi wa afya mwanamke, au, ikilazimu, na mwanamume mbele ya mume au wanawake wengine. Basi tazameni: suala la fiqhi likawa pia suala la wanawake wangapi wamefundishwa kazi ya afya! Sindano haina uzito huo. Mkunga wa kijijini huipiga kwa dakika chache. Uchunguzi wa 2017 ulikuta kati ya wake 100, kiasi cha 29 watumia sindano, 12 vidonge, na 5 tu kitanzi.

Lakini wepesi si kila kitu. Sindano ya miezi mitatu huweza kuvuruga hedhi, na hili kwa Mwislamu lagusa sala na saumu yake. Asiyeelezwa mapema huogopa, akaacha.

Kwetu Kenya mpango ulianza 1967, na katika uchunguzi wa 2022 sindano na vijiti vya mkononi ndivyo vilivyotangulia. Hapa pia ghala lina kauli: iliyokwisha haichaguliki. Mwenye kwenda zahanati, pamoja na mumewe ikiwezekana, na aulize mambo matatu: ziko njia gani nyingine, hii italeta mabadiliko gani mwilini, na akitaka kuiacha ni nani atakayemtolea, na lini.