Kufunga jiko la chuma kwenye shimine ya zamani

Ndugu memba wa koperativi, hapa Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, kuni nyingi zinaenda kwenye kukausha samaki, na mama wa nyumba anabaki kutafuta za kupikia. Jiko la chuma linakula kuni kidogo kuliko mafiga matatu. Wenye nyumba za zamani za matofali ya kuchoma wanatuulizaka: tunaweza kulifunga kwenye shimine iliyopo? Ndiyo, lakini tuijaribu shimine kwanza.

Toa masizi na viota vya ndege. Kisha choma majani mabichi chini, mtu mmoja afunike mdomo wa juu kwa gunia lenye maji, wengine wazunguke vyumba vyote. Moshi ukitoka ukutani, pale pana ufa. Uzibe kabla ya kazi nyingine, maana hewa ya sumu ya moto haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Sasa bomba. Lisiwe jembamba kuliko tundu la jiko, na lipande kidogo kidogo kuelekea shimine, lisilale wala kushuka. Mwisho wake uishie sawa na ukuta wa ndani. Hapa mafundi wengi wanakosea: wanalisukuma mpaka linagusa upande wa pili, moshi unakosa njia, unarudi jikoni, kisha lawama kwa jiko! Kwenye viungo, kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini, lami ya moshi isidondoke nje. Ziba kwa udongo wa kichuguu na mchanga. Simenti peke yake inapasuka kwa joto.

Shimo la moto la zamani lizibwe kwa matofali, la sivyo shimine itavuta hewa baridi ya pale. Acha kidirisha chenye kifuniko cha kutolea masizi. Jiko moja, shimine moja.

Bomba likae sentimita 45 mbali na mbao, na mdomo wa shimine upite paa lililo karibu kwa sentimita 60. Nyumba ya nyasi, sisi tunakataa: cheche moja inatosha.

Moto wa siku ya kwanza uwe mdogo, udongo ukauke. Baadaye, safisha shimine mbele ya mvua kuanza, na tena kila bomba likianza kuvuta vibaya.