Daktari Asiposadiki Kwamba Sukari Yako Imeshuka

Ndugu na mama, wengi wenu mmefundishwa kuogopa sukari inayopanda. Yafaa kuiogopa, kwani huharibu macho, figo na miguu pole pole kwa miaka mingi. Lakini sukari inayoshuka huangusha mtu kwa muda mfupi, tena yaweza kumwua usiku kitandani. Sasa mgonjwa afanye nini, akileta habari hii kwa daktari, na daktari akajibu tu, "Sukari yako iko juu, endelea na dawa"?

Tumfikiri mama mmoja muuza sambaza katika soko la Kadutu. Asubuhi amemeza kidonge chake cha glibenklamidi, akapanda mlima na beseni kichwani bila kula, maana hajapata franga. Saa tano anatetemeka, jasho linamtoka, moyo unapiga mbio, anasema maneno ya ovyo. Wengine wanasema ni malaria. Wengine wanasema amekunywa kasiksi, na wengine wananong'ona juu ya pepo. Mmoja mwenye akili anampa soda, naye anapata nafuu. Saa tisa anafika kwa daktari, anapimwa, sukari ni 210. Daktari anacheka kidogo.

Hesabu ile si ya uongo. Lakini sukari iliyoshuka haiachi alama. Soda imekwisha kuipandisha, na mwili wenyewe pia hujitahidi kuipandisha. Kipimo cha saa tisa hakiwezi kushuhudia habari za saa tano. Hata hivyo mgonjwa aliyeanguka anapaswa kuulizwa habari zake, si kuchekwa.

Jambo hili si geni. Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921. Mara wagonjwa walipoanza kuipata mwaka 1922, madaktari wa huko waliona wengine wakitetemeka na kutoka jasho, wakawapa maji ya machungwa. Katika miaka ya 1930 daktari Allen Whipple wa Marekani, aliyeshughulika na ugonjwa mwingine unaoshusha sukari, alitaka mashahidi watatu: dalili zenyewe, hesabu ya chini wakati ule ule, na dalili kuondoka sukari inapopanda. Mpelekee daktari wako mashahidi hao watatu.

Basi uwe na daftari ndogo. Andika siku na saa, dawa uliyotumia na kiasi chake, saa uliyokula mwisho, ulivyojisikia, na saa uliyopata nafuu. Kama mashini ya kupima iko karibu, pima mbele ya kunywa kitu. Chini ya 70 ni sukari ya chini. Chini ya 54 ni hatari. Mashini isipokuwepo, usingoje. Kunywa vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari katika maji, au nusu ya chupa ndogo ya Fanta. Baada ya dakika 15, kama bado, rudia. Kisha ule chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Mlaze kwa ubavu, mpeleke hospitali upesi atiwe sukari katika mshipa.

Andika pia kama ulikuwa umefunga kwa maombi, au kama ulipewa kinini ya malaria, kwa kuwa kinini nayo hushusha sukari. Juu ya kufunga, wazee wa kanisa wasikilize: mwenye kutumia insulini au glibenklamidi asifunge mbele ya kusema na daktari, wala asihesabiwe kuwa mvivu wa maombi. Yesu alipomwinua binti Yairo, aliagiza apewe chakula.

Siku ya kwenda, fuatana na mtu aliyekuona, kwa sababu aliyeanguka mara nyingi hakumbuki. Sema kwa heshima lakini usifupishe: "Daktari, Jumanne saa tano nilitetemeka na kuchanganyikiwa. Mashini ilionyesha 48. Nilikunywa sukari, baada ya robo saa nikapona. Ni mara ya tatu mwezi huu. Je, dawa haizidi kipimo? Je, figo zangu zimepimwa?" Swali la figo ni kubwa, hasa kwa wazee. Figo zikiwa dhaifu, glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, na sukari yaweza kushuka tena baada ya kupandishwa. Kwa hiyo aliyezimia kwa dawa hiyo asikubali kurudishwa nyumbani mara tu anapofumbua macho; aombe alale hospitalini aangaliwe.

Daktari akikataa hata baada ya hayo, mwombe aandike habari hizo katika karatasi yako, kisha umwonyeshe daktari mwingine. Huko si kumtukana. Lakini usitupe dawa kwa hasira. Mwenye kuacha insulini ghafula aweza kufa kwa sukari iliyopanda.

Wakati unapongoja jibu, usimeze kidonge wala kuchoma sindano ya chakula kama chakula hakipo. Weka sukari karibu na kitanda, na umwonyeshe anayelala nawe mahali ilipo.