Mafuta kwenye Ini: Mizani Haisemi Yote

Mkazi wa Umoja au Donholm anaweza kukaa miaka mingi na ini lililojaa mafuta bila kuhisi maumivu yoyote. Wengi hudhani ini huharibiwa na pombe pekee, lakini hata asiyeonja pombe hupata tatizo hili, hasa mwenye kitambi au kisukari.

Mafuta yakizidi asilimia 5 ya ini, hilo ni ini lenye mafuta. Likiachwa, kwa baadhi ya watu huvimba, kisha hupata makovu.

Uzito una nafasi yake. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 4 au 5, mafuta ya ini huanza kushuka. Akipunguza 7 hadi 9, hata uvimbe huweza kutulia. Lakini mazoezi hupunguza mafuta hayo hata mizani ikigoma kusonga, kwa kuwa misuli inayofanya kazi hutumia sukari na mafuta ambayo yangeishia kwenye ini. Kwa hivyo anayezunguka uwanja wa Camp Toyoyo kila jioni asikate tamaa eti suruali bado inambana.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kushuka matatu mapema kwenye Barabara ya Jogoo na kutembea kwa haraka dakika 15, asubuhi na jioni, siku 5, kunatimiza kiwango hicho. Soda ya kila mchana nayo ipunguzwe. Sukari yake hugeuzwa mafuta ndani ya ini lenyewe.

Mwenye kisukari aulize kuhusu kipimo cha ini anapokwenda kliniki.