Uvimbe wa Taya: Kujua Kabla ya Kupasua

Si kila uvimbe wa taya ni jino bovu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Daktari Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya za juu na chini, kulia na kushoto. Jipu la jino haliwi hivyo. Ilikuwa saratani, nayo hukua upesi mno.

Je, daktari akate uvimbe wote mara moja? La. Kwanza hutoa kipande kidogo, kikatazamwa kwa hadubini. Maana saratani hii haiponi kwa kisu, bali kwa dawa. Na watoto wengi hupona wakiwahishwa.

Basi, meno ya mtoto yakilegea na shavu likivimba, tusingoje. Apelekwe hospitali.