Mpeni Jembe Mapema: Klabu Inapompokea Mwanafunzi wa Kigeni

Mwanafunzi wa kigeni anayekuja kukaa nasi mwaka mzima hupokelewa vizuri sana wiki ya kwanza. Kuku huchinjwa, majirani huja kumsalimia, wanachama wa klabu hupiga naye picha mbele ya bendera, na mwenyewe hapati hata nafasi ya kukumbuka kwao. Mwezi wa tatu ndio wa kuangalia. Picha zimekwisha, klabu imerudi kwenye vikao na michango yake, familia imechoka kumwandalia chai kama mgeni, na kijana wa miaka 16 amejifungia chumbani akiongea kwa simu na mama yake aliye Denmark au Brazil. Klabu inayofikiria kupokea mwanafunzi ianze kuupanga mwezi huo hata kabla ya kumtafutia nyumba.

Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumsema mgeni asiyetaka kuondoka. Kwa mwanafunzi huyu jembe ni upendo. Akipewa kazi nyumbani na kazi klabuni, anajua kwamba amehesabiwa kuwa mtu wa hapa. Klabu zinazofanikiwa, kwa niliyoyaona, ni zile zinazompa jembe mapema na kusimama karibu naye anapolima.

Niwaeleze kwanza wasioufahamu utaratibu. Klabu za Rotary, ambazo mzizi wake ni klabu iliyoanzishwa Chicago mwaka 1905, hubadilishana wanafunzi wa umri wa sekondari kati ya nchi na nchi, kwa mwaka mzima wa masomo au kwa wiki chache. Shirika la AFS nalo hufanya kazi kama hiyo. Lilianza na madereva wa magari ya wagonjwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1947 likaanza kuwapeleka wanafunzi ng'ambo. Katika mipango hii familia inayompokea mwanafunzi hailipwi, hujitolea. Kwa upande wa Rotary, klabu humpa mwanafunzi fedha kidogo ya matumizi kila mwezi, na kwa kawaida anayekaa mwaka mzima hupitia zaidi ya familia moja.

Katika kuchagua familia, msishawishike na ukubwa wa nyumba. Tafuteni nyumba yenye mtoto wa rika lake, yenye mtu mzima jioni, na yenye wazazi wanaoweza kumkatalia jambo mtoto wao wa kumzaa. Mzazi asiyeweza kumwambia mwanawe hapana hataweza kumwambia mtoto wa watu. Itembeleeni zaidi ya mara moja, na mara moja iwe bila kutoa taarifa ndefu. Ulizeni nani analala pale: mjomba anayekuja mwisho wa wiki, kijana wa shamba, mpangaji wa chumba cha nyuma. Kila mtu mzima wa nyumba hiyo achunguzwe, kwa maneno ya wadhamini, kwa barua ya serikali ya mtaa, na kwa uthibitisho wa polisi kwamba hana rekodi ya jinai. Mwanafunzi awe na kitanda chake mwenyewe na chandarua chake. Akilala na mwingine chumbani, mwenzake awe wa jinsia yake na umri unaokaribiana na wake.

Halafu liko swali ambalo wengi huona aibu kuliuliza. Familia inatarajia nini? Wapo wanaodhani mzungu atakuja na mfadhili wa karo nyuma yake. Liwekwe wazi mapema, mbele ya baba na mama wote wawili, kwamba mwanafunzi haombwi fedha, hakopwi, wala wazazi wake hawatumiwi orodha ya matatizo. Majirani na ndugu waelezwe pia, kwa upole, na mwenye nyumba ndiye awaeleze. Kijana mmoja mgeni hawezi kusimama peke yake mbele ya maombi ya mtaa mzima. Ataanza kukwepa watu, na mtaa utasema anaringa.

Mambo ya karatasi nitayapita haraka. Viza ya utalii haitoshi kwa mtu anayekuja kusoma, kwa hiyo nendeni Uhamiaji mapema. Bima ya afya iwepo kabla hajapanda ndege, na nakala ya hati yake ya kusafiria ibaki kwa katibu. Shuleni, wanafunzi wa Ulaya na Marekani hufika Agosti, wakati shule zetu za sekondari ziko katikati ya mwaka. Kwa Tanzania, Kidato cha Tano huanza Julai, na hapo ndipo pazuri pa kumweka. Msimweke Kidato cha Nne. Darasa lile lina mtihani wa taifa mbele yake, walimu na wanafunzi hawana muda wa urafiki, naye hakuja kutafuta cheti.

Usiku wa kwanza, au asubuhi yake kama ndege imechelewa, familia ikae naye mezani na kuzungumza. Rotary ina orodha ndefu ya maswali ambayo mwanafunzi humuuliza mwenyeji wake siku hiyo. Orodha hiyo ni nzuri, ila imeandikwa kwa nyumba za nchi zote, kwa hiyo ongezeni ya kwetu. Awaiteni nani, mama na baba, au shangazi na mjomba? Maji ya kunywa ni yapi, na yaliyochemshwa huwekwa wapi? Umeme ukikatika, taa iko wapi? Anaoga kwa ndoo, basi aonyeshwe kopo na ndoo, na aelezwe kwamba ndoo moja inatosha. Nguo za ndani hufuliwa na mwenyewe, hazipewi dada wa kazi. Geti hufungwa saa ngapi? Na hapo mfundisheni saa zetu, kwa saa ya ukutani, la sivyo akiambiwa kikao ni saa nne asubuhi ataamka alfajiri. Mfundisheni shikamoo usiku huohuo. Kijana anayejua kumwamkia mzee njiani amekwisha kufunguliwa milango mingi, hata kama Kiswahili chake kingine bado ni cha kuokoteza.

Dada wa kazi, kama yupo, aketi nanyi katika mazungumzo hayo. Yeye ndiye atakayeshinda na mwanafunzi kuliko mtu mwingine, na asiposhirikishwa ataishia kubeba mzigo wa mtu mmoja zaidi bila kuulizwa.

Kisha mpeni kazi, kuanzia wiki ya pili. Aoshe vyombo zamu yake, achambue mchele, amwagilie bustani. Kazi iliyo bora kuliko zote ni kutumwa dukani. Akienda peke yake kununua nyanya na kiberiti, atasalimia, ataulizwa ametoka wapi, atahesabu chenji, na atarudi na maneno ambayo darasani angeyasoma kwa mwezi. Akina mama wengi huona vibaya kumtuma. Mtumeni.

Nyumba ya Kiislamu inayompokea asiye Mwislamu imweleze Ramadhani kabla haijafika. Hakuna anayemlazimisha kufunga, lakini aonyeshwe atakula wapi mchana bila kuwakwaza watu, hasa akiwa Zanzibar, Tanga au Mombasa, na akaribishwe kwenye futari kila siku. Nyumba ya Kikristo yenye mwanafunzi Mwislamu imwonyeshe msikiti ulipo na imweleze nyama wanayokula imechinjwa vipi. Kanisani au msikitini apelekwe akitaka, asiburutwe.

Sasa kazi za klabu. Hapa ndipo nina neno kubwa. Jambo ambalo klabu hulifanya upesi ni kumpeleka mwanafunzi kwenye kituo cha watoto yatima, agawe sabuni na biskuti, apigwe picha amembeba mtoto. Naomba tuliache. Watoto wale wanazoezwa kushikamana na mgeni anayeondoka baada ya saa moja, sura zao zinasambazwa bila ridhaa ya mtu anayewajibika kwao, na mwanafunzi anajifunza kwamba Afrika ni mahali pa kugawa vitu. Amekuja kwa mwaka mzima. Mpeni kazi ya mwaka mzima.

Kwa klabu ya Moshi au Arusha, ningechagua kitalu cha miche. Mwanafunzi anafika Agosti. Mwezi wa Septemba na Oktoba, pamoja na wanafunzi wenzake, wanajaza udongo na samadi kwenye viriba na kusia mbegu za mgrivea. Kila Jumamosi asubuhi wana zamu ya kumwagilia na kung'oa magugu. Miezi minne au sita baadaye miche iko tayari, masika yanaanza Machi, na miti inapandwa kwenye uwanja wa shule. Kabla hajaondoka Juni au Julai atakuwa ameona ipi imeshika na ipi imeliwa na mbuzi. Kazi inakwenda sawa na kalenda yake, na mwezi ule wa tatu wenye upweke unamkuta na kitu kinachomngoja Jumamosi. Mahali pasipo na maji ya kumwagilia, maktaba ya shule ya msingi yafaa vilevile: kupanga vitabu, kuviandikisha, kusoma na watoto wa darasa la tatu siku ileile kila wiki, mwalimu akiwapo.

Kazi nyingine zina nafasi inayolingana na umri wake. Kwenye uchangiaji wa damu, kwa mfano, Tanzania mchangiaji huanzia miaka 18, kwa hiyo yeye hatoi damu, lakini anaweza kuandikisha watu, kugawa soda, na kuwakalisha waliotoka kitandani. Na wazee wa klabu walioshiriki kampeni za chanjo ya polio, kazi ambayo Rotary iliibeba duniani kote kuanzia mwaka 1985, wamsimulie jioni moja. Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa huru na virusi asilia vya polio tarehe 25 Agosti 2020. Kijana aliyekulia Ulaya huenda hajawahi kukutana na mtu aliyepooza kwa ugonjwa huo, na wazee wetu wanawajua watu kama hao kwa majina.

Vikao vya klabu visiwe ndiyo maisha yake ya klabu. Saa moja ya chakula cha mchana na wafanyabiashara na mawakili inamchosha kijana yeyote. Aje mara moja kwa mwezi, atoe mazungumzo mafupi, na wiki nyingine awe na Interact, ambayo ni klabu ya vijana wa miaka 12 hadi 18. Kama shule yake haina Interact, mwaka wake ni mwaka mzuri wa kuianzisha.

Lililobaki ni zito zaidi. Kila mwanafunzi awe na mlezi kutoka klabuni, ambaye hatoki katika familia inayomkaribisha, na ambaye si mkuu wa shule yake wala rais wa klabu. Mlezi aonane naye peke yao, mahali pa wazi, angalau mara moja kwa mwezi, na amuulize maswali ya kweli: unalala vizuri? Kuna mtu anayekufanya usijisikie salama? Mwanafunzi apewe pia namba za watu wawili, mwanamume na mwanamke, walio nje ya familia na nje ya klabu. Masharti ya pombe, dawa za kulevya, kuendesha gari na mapenzi yaandikwe na kusomwa pamoja, na klabu iamue mapema kuhusu bodaboda, maana hilo litazuka wiki ya kwanza.

Akisema ameguswa vibaya au ametishwa, msikilizeni hadi mwisho. Msimwahidi siri. Msimwite mtuhumiwa mje kuwapatanisha sebuleni. Mwondoeni kwenye nyumba hiyo siku hiyohiyo, toeni taarifa polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, na wajulisheni viongozi wa mpango. Rotary inataka tuhuma yoyote ifikishwe kwake ndani ya saa 72. Namba 116 ya simu ya watoto inafanya kazi Tanzania na Kenya. Najua uzito wa mazoea yetu ya kumaliza mambo kifamilia, hasa mtuhumiwa anapokuwa mwanachama anayeheshimika. Mazoea hayo yamewaumiza watoto wetu wenyewe miaka mingi, na klabu isiyokuwa tayari kumripoti mwanachama wake isipokee mtoto wa mtu.

Upweke ni jambo jingine, nao hauhitaji polisi. Hutokea baada ya miezi miwili au mitatu, na tena Krismasi na siku ya kuzaliwa kwake. Msimnyang'anye simu. Kubalianeni naye siku za kuongea na kwao, Jumapili alasiri kwa mfano, na siku nyingine jioni zijazeni kazi na watu. Watafuteni vijana wetu waliowahi kukaa mwaka Marekani kwa mpango wa YES, ulioanzishwa mwaka 2002 na ambao umewahi kuchukua wanafunzi wa Tanzania na Kenya. Wao wamelala katika nyumba za watu wasiowajua, wamekula wasichokijua, wamelia bafuni. Mmoja wao akimtembelea atamsaidia kuliko kamati nzima.

Kuhama familia kufanyike hatua kwa hatua. Familia ya pili imwalike chakula mara mbili tatu kabla, na siku ya kuhama mama wa kwanza ampeleke mwenyewe, na aeleze anachokula na asichokula. Mwezi mmoja kabla hajaondoka nchini, mlezi akae naye na daftari waandike yaliyomsumbua, yaliyomfaa, duka gani lina kadi za simu, mwalimu gani alimsaidia. Daftari hilo apewe mama atakayempokea mwanafunzi wa mwaka ujao, pamoja na namba ya simu ya mama aliyetangulia.